Nilivyowapimia dawa watoto wa nguruwe bila kubahatisha

"Wape nusu ya dozi ya mama yao." Hivyo ndivyo nilivyoambiwa dukani, na mpaka leo nikikumbuka moyo hunichemka.

Nafuga nguruwe Muheza, mkoani Tanga. Watoto tisa walioacha kunyonya walikuwa na minyoo, matumbo yamewavimba. Chupa ya ivermectini, dawa ya minyoo ya sindano, iliandikwa mililita 1 kwa kilo 33. Mama yao ana kilo 130 hivi, kwa hiyo dozi yake ni mililita 4, na nusu ni 2. Lakini mtoto wa kilo sita na nusu anatakiwa apate 0.2 tu. Ningempa mara kumi!

Nilimpigia binti yangu anayesomea famasia. "Mama, usithubutu," akasema. Akanisimulia habari za nguruwe wa umbo dogo wa Göttingen, Ujerumani, mbegu iliyoanza miaka ya 1960. Watoto wao hutumiwa kuchunguza usalama wa dawa zitakazopewa watoto wa binadamu. Huzaliwa na gramu 450 hivi, ini na figo bado zinakomaa, kwa hiyo mwili hauiondoi dawa kama wa mkubwa. Hupimwa uzito kila mara na dozi hukokotolewa upya, maana wanakua haraka mno.

Basi na mimi nikaamua kupima. Nilimfunga wa kwanza miguu, nikamning'iniza kwenye mizani ya ndoano tunayopimia iliki. Alipiga yowe, mshale ukaruka kutoka tatu hadi tisa, na mama yake huko ndani akavunja ubao wa banda. Nikamfungua. Jioni nikajaribu kiroba: nikamtumbukiza, nikakunja mdomo bila kuukaza apate hewa. Gizani mle akatulia tuli, na mshale ukasimama! Nikatoa uzito wa kiroba, nikampaka rangi mgongoni, nikaandika daftarini. Nilimaliza kuwapima wote tisa kabla ya magharibi.

Kwa bomba la sindano la mililita 10 ni vigumu kupima 0.2 kwa usahihi. Nilinunua la insulini, lile la wagonjwa wa kisukari, bei ni shilingi mia chache. Lina mistari 100 kwa mililita, hivyo 0.2 ni mstari wa 20. Dawa ni nzito, ivute polepole.

Wiki mbili baadaye niliwatia tena kirobani. Yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa na kilo nne, alifika tano na robo. Nikafuta dozi yake ya zamani, nikaandika mstari wa 16.