Mungu wa Vita Aliyerudi kutoka Cambridge

Basi la kutoka Mutukula, mpakani, silisimulii. Aliyelipanda anajua. Bodaboda wa Kampala naye alinichaji hela ambayo ingenilisha rolex, ile chapati ya mayai, siku nzima, tena akaomba nimwongezee ya mafuta.

Nilichofuata ni Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira. Mkusanyiko wake ulianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, yule afisa wa Kiingereza, ila jengo la sasa ni la 1954, kazi ya Ernst May, Mjerumani aliyewahi kulima shamba Tanganyika. Labda ndiko alikojifunza jua letu, maana ndani mwanga umejaa na joto halipo. Uani wameongeza nyumba za asili za makabila. Mwaka 2011 serikali ilitaka kulibomoa jengo lenyewe ijenge mnara wa biashara. Wapenda historia wakakimbilia mahakamani, na bado limesimama.

Visukuku nilivipita mbio. Nilipokwama ni kwa Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda. Inasimuliwa kwamba alipigana akiruka mawinguni, hadi mshale ukampata akaangukia mtini. Mmisionari John Roscoe alichukua masalia yake, yakaishia Cambridge, yakarudi 1962, mwaka wa uhuru.

Kando yangu alisimama mzee aliyekuja na mjukuu wake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba!” Akacheka. “Mtanzania wewe. Hapa nani atanipa shikamoo?” Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kikavu, lakini kilitosha.

Mimi ni mtu wa Iringa, nikashindwa kunyamaza. Nikamsimulia Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alivyojiua 1898 asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ukaiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi 6.

“Wakalitoa?”

“Lilifika 1954.”

“Mwaka wa jengo hili!” Akapiga hesabu kwa vidole. “Miezi sita yao ni miaka thelathini na mitano. Sasa mwanangu, mlijuaje kwamba ni lake?”

Nikamweleza kwamba Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipima vichwa vya ndugu wa Mkwawa, akaenda Bremen, Ujerumani, kulinganisha na mafuvu ya makumbusho ya huko, akachagua moja lenye tundu la risasi.

“Kwa hiyo alichagua,” mzee akasema. “Kama mtu anachagua papai sokoni.”

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Fuvu lile liko makumbusho ya Kalenga, kwetu Iringa, ndani ya kioo. Nimewapeleka wageni wengi, tukaliinamia, tukapiga picha nje, tukaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza alichoniuliza mzee huyu ndani ya dakika chache, huku mjukuu akimvuta shati ampeleke kwenye ngoma.

“Na huyu wenu,” nikamgeuzia kibao, “nani alimpima?”

“Huyu ni mungu. Mungu hapimwi.”

Akaenda zake kwenye ngoma. Ndugu zangu wa Kalenga, nikirudi swali la mzee nawaletea ninyi. Mjiandae.