Mbalamwezi ya mwezi wa kumi, tunabishana nani akaiokoe Rockies

Kelele zilianzishwa na dada mmoja wa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ananunuaga dagaa kwa jumla. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kikombe cha kahawa mkononi, sisi tunataja nani awe meneja mkuu mpya wa Colorado Rockies, timu ya besiboli ya Denver huko Marekani, na majina ni ya wanaume tu, ye akatusikiliza weee mwisho akasema nyie mmetaja watu sita na hakuna hata mmoja aliyemtaja yule mama Kim Ng, mnaitafutia timu bosi au mnatafuta mtu wa kufanana na nyie? Kijiwe kikatulia. Jamaa yetu tajiri wa mtumbwi ndo akavunja ukimya, akasema dada yangu tusamehe, haya tueleze.

Ilikuwa mwezi wa kumi, zile siku za mbalamwezi. Kwa msio wa kanda ya ziwa, dagaa wanavuliwa kwenye giza, taa inawashwa juu ya maji wanaifuata, sasa mwezi ukijaa mwanga unakuwa ziwa zima na taa haina kazi tena, kwahiyo mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu, wanalala, wanabishana. Na ubishi wetu sisi mwaka 2025 haukuwa Simba na Yanga, ulikuwa hao Rockies, maana meneja mkuu wao Bill Schmidt alikuwa ameachia ngazi mwanzoni mwa mwezi na kiti kilikuwa wazi.

Najua kuna atakayeuliza imekuaje watu wa Kirumba wakafika Denver. Mi besiboli niliikuta Azania Sekondari, Dar, Wajapani ndo walioileta pale wakafundisha na baadae wakasaidia mpaka uwanja ukajengwa. Niliporudi nyumbani nikaja na glavu mbili na mpira mmoja, nikawaonyesha wenzangu, na waliponiuliza tushabikie nani sikuwaza mara mbili. Sisi ni Rock City bana, ukifungua mlango unaona mwamba juu ya mwamba, mwingine umesimama majini pale Bismarck kama vile utadondoka kesho, na wao wamejiita jina la milima ya mawe. Halafu kuna jambo la hewa. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, mpira ukipigwa unasafiri mbali kuliko viwanja vingine, na mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, akitaka kuupinda haupindi vile alivyozoea. Tangu 2002 wanaihifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke ikazidi kuruka. Ziwa letu lenyewe liko kama mita 1,134 kwahiyo na sisi ni watu wa juu, na yule tajiri alipoelewa hilo akasema basi, hii ni timu yangu.

Shida ni kwamba tumechagua timu inayoumiza. Msimu wa 2025 walicheza mechi 162 wakapoteza 119. Mwaka mmoja kabla walipoteza 101, na uliotangulia 103. Yaani kwa huo msimu wa 2025 ukijumlisha mikimbio, ndo pointi zao, yote waliyofunga ukatoa waliyofungwa unapata hasi 424, na hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kufika huko. Mwezi wa tano walifungwa 21 kwa 0 na San Diego Padres, nyumbani kwao, kesho yake wakashinda na siku hiyohiyo kocha Bud Black akatimuliwa. Mechi zao za nyumbani nyingi zinaanza huku kwetu saa 9:40 usiku, mi naamka, naweka simu kifuani ili mwanga usimsumbue mama watoto, wenzangu wako katikati ya ziwa, wakirudi alfajiri swali la kwanza sio bei ya dagaa, ni "vipi jana?" na mi kwa miezi sita najibu tumefungwa.

Msichanganye meneja mkuu na kocha. Kule yule anayekaa benchi na kupanga kikosi anaitwa meneja, lakini meneja mkuu ni mtu mwingine kabisa, ndo anayesajili, anauza, anabadilishana wachezaji, anachagua vijana kila mwaka, anawaweka kwenye timu za chini wakue, na ana orodha ya watu 40 ambayo kati yao 26 ndo wanacheza timu kubwa. Chukua mtendaji mkuu wa klabu zetu umchanganye na mkurugenzi wa ufundi na kamati nzima ya usajili, ukampe mtu mmoja. Akikosea leo utaumia miaka mitano. Mfano upo, mwaka 2022 Rockies walimsaini Kris Bryant miaka 7 kwa dola milioni 182, na kwa misimu minne ya kwanza, kwa ajili ya majeraha, amecheza mechi 170 tu. Kabla ya hapo 2021 walimtoa Nolan Arenado, mlinzi bora kabisa wa besi ya tatu (besi ni vile vituo vya kukimbilia uwanjani), wakampeleka St. Louis na wakaongezea pesa kama dola milioni 50 juu. Unampa mtu ng'ombe wako wa maziwa halafu unamlipia na majani!

Turudi kijiweni. Tajiri wa mtumbwi msimamo wake ulikuwa mmoja, bosi mpya atoke nje ya klabu. Akasema hivi, nahodha wangu akirudi mikono mitupu giza moja namvumilia, giza la pili naongea nae, giza la tatu nabadilisha, lakini sichukui yule aliyekuwa anakaa pembeni yake kwenye mtumbwi uleule, maana nae kajifunza kwenda palepale pasipo na dagaa. Na historia inambeba kabisa. Rockies walianza kucheza 1993 na mpaka Schmidt anaondoka walikuwa na mameneja wakuu wanne tu, Bob Gebhard na Dan O'Dowd walitoka klabu nyingine, Jeff Bridich na Schmidt walikuzwa humohumo ndani. Fainali moja waliyowahi kucheza, ya 2007, ile waliyofungwa na Boston mechi 4 kwa 0, ilikuwa ya O'Dowd.

Mwalimu wetu wa hesabu akamkatalia, akasema mbona huyo Bridich wa ndani kawapeleka mtoano 2017 na 2018 mfululizo, sasa ndani na nje inahusikaje? Ni hoja ya kweli na mpaka leo sijampa jibu la kumtosheleza. Nilimwambia tu kwamba tangu 2018 hawajarudi tena mtoano, na mtu aliyelelewa kwenye nyumba moja miaka ishirini anaona uvujaji wa bati kama jambo la kawaida, anajua tu pa kuweka sufuria mvua ikinyesha.

Mi nilikuwa namtaka James Click. Huyu ndo alikuwa meneja mkuu wa Houston Astros walipochukua ubingwa 2022, na siku chache tu baada ya kombe akaondoka, alipewa mkataba wa mwaka mmoja akaukataa. Kabla ya Houston alikaa miaka mingi Tampa Bay Rays, klabu isiyo na hela ambayo inaokota warushaji waliotupwa na wengine na kuwageuza lulu. Warushaji ndo ugonjwa wetu, msimu wa 2025 hakuna timu iliyokuwa na warushaji wabovu kuliko sisi, kwahiyo kwangu hesabu ilikuwa imeisha. Mwalimu yeye alimtaka Thad Levine kwa sababu aliwahi kufanya kazi Rockies zamani, akaenda Texas, akawa meneja mkuu wa Minnesota, yaani ni mtu wa nje anayejua chumba cha kulala kiko wapi.

Sasa dada. Alivyomwelezea Kim Ng nilikaa vizuri. Huyu mama alianza 1990 pale Chicago White Sox akiwa anajifunza kazi, akapanda, Yankees, Dodgers, makao makuu ya ligi, akafanyiwa usaili wa umeneja mkuu klabu moja baada ya nyingine kuanzia 2005 na kote anaambiwa asante, mpaka mwezi wa 11 mwaka 2020 Miami Marlins wakampa, mwanamke wa kwanza kwenye nafasi hiyo. 2023 timu yake ikashinda mechi 84 ikaingia mtoano. Na malipo yake? Mmiliki akataka kuleta mtu wa kukaa juu yake, akaondoka. Dada akasema mi nimeuza dagaa miaka kumi na tano hapa, najua ni nini mtu kukuona umesimamisha biashara halafu anakuletea mjomba wake akushikie daftari. Hakuna aliyecheka. Tukamuongeza kwenye orodha, na kusema kweli ukiangalia alichofanya na hela ya Miami alistahili kuwa juu kabisa ya orodha, mi mwenyewe niliona aibu kwamba nilikuwa sijamuwaza.

Ila lililonisumbua zaidi sio jina. Ni mwenye timu, Dick Monfort. Mtoto wake Walker ndo aliyeongoza msako, na mi nilikuwa nasema hata ukimleta nani kama mwenye mtumbwi nae anapanda kushika usukani usiku, huyo nahodha ni pambo. Tajiri wetu alinisikiliza kimya halafu akasema, ng'wanawane, mi sipandagi mtumbwini, nikipanda wavuvi wanaangalia uso wangu badala ya kuangalia maji. Mtu ambaye hajawahi kufika Denver kaimaliza mada niliyoihangaikia wiki nzima.

Tukasubiri mwezi mzima. Giza likaja likaisha, mwezi ukajaa tena, mwezi wa 11 jina likatoka na hakuna kati yetu aliyekuwa amelitaja, Paul DePodesta, cheo chake rais wa shughuli za besiboli, yaani ndo anayeongoza usajili. Ndiyo yuleyule aliyekuwa msaidizi wa Billy Beane, meneja mkuu wa kule Oakland, enzi wanashinda mechi 103 mwaka 2002 kwa mishahara ya kuungaunga, mechi 20 mfululizo bila kupoteza. Mwalimu wa hesabu alifurahi mpaka akatununulia kahawa wote. Mi furaha yangu ni nusu. Jamaa alishawahi kukaa kwenye kiti hiki, Los Angeles Dodgers, alipewa 2004 akiwa na miaka 31, mwaka wa kwanza wakashinda kundi lao, wa pili wakapoteza mechi 91 akafukuzwa. Na kuanzia 2016 alikuwa nje ya besiboli kabisa, yupo Cleveland Browns kwenye mpira wao wa kubeba mikononi, ambako 2017 walicheza mechi 16 wakapoteza zote 16. Miaka kumi ni mingi, mchezo umebadilika, watu sasa wanapima mzunguko wa mpira kwa kompyuta kila unaporushwa.

Dada alipoona jina akauliza swali moja tu, DePodesta alipofukuzwa Dodgers 2005 nani alifanyiwa usaili wa kile kiti? Kim Ng. Alikuwa msaidizi wake palepale. Akachukua kapu lake akaondoka.

Hata hivyo DePodesta ametoka nje ya klabu, tena nje kweli, na hapo lazima nimpe Monfort haki yake, alichokuwa hataki kukifanya miaka yote kakifanya. Sasa hivi ubishi umehamia kwa Hunter Goodman, mdakaji wetu, kijana aliyepiga homurani 31, yaani mipira ya kuvuka uzio wa uwanja, katikati ya msimu ule mbovu wote. Mwalimu anataka auzwe sasa hivi bei ikiwa juu, tupate warushaji vijana wanne watano. Tajiri hataki kusikia, anasema wavu mmoja ndo unashika na nyie mnataka kuuza huohuo. Mi niko na tajiri, ila kwa sababu nyingine, mdakaji ndo anayewaongoza warushaji kila mpira unaorushwa, na kama DePodesta analeta watoto wapya wa kurushia kwenye ile hewa nyepesi basi watahitaji mtu anayeijua. Jana giza limerudi, nimewasindikiza mpaka majini, mtumbwi unasukumwa na bado mwalimu anapiga kelele kutoka ufukweni kwamba hesabu haziongopi, na tajiri anamjibu kwa mbali, sikusikia alichosema.