Adui wa ukuta wangu nilikuwa mimi

“Bosi, piga rangi ya mafuta, unyevu utafia humo humo.” Ndivyo alivyosema fundi wa kwanza, nami kwa ujinga wangu nikapiga mikono 3. Wiki mbili ukuta uling’aa hadi nikawa nawaonyesha wageni. Ya tatu ukatoka malengelenge. Ukibonyeza moja linapasuka na kumwaga unga mweupe wa chumvi. Mke wangu akawa anayapasua makusudi kila akipita.

Fundi wa pili alimcheka mwenzake, akabandua lipu hadi usawa wa kiuno, akapiga mpya ya saruji kali yenye dawa ya kuzuia maji. Hela iliyotoka hapo sitaki kuikumbuka. Chini pakakauka kweli. Lakini maji yalihama tu: miezi michache baadaye, alama ya kahawia ikajitokeza juu ya lipu mpya, usawa wa kifua.

Nikaacha kusikiliza watu. Nilibandika kipande cha nailoni ukutani, nikakiziba kingo zote kwa utepe, nikakiacha siku mbili. Umande ukatokea upande wa ndani, unaogusa ukuta. Basi si mvuke wa jikoni, kama shemeji alivyoapa.

Nikaenda nje kuutafuta ule mkanda mweusi wa lami unaolazwa kati ya msingi na matofali kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Haupo! Nikajisemea, nyumba ya zamani hii, hawakuuweka. Jembe ndilo lililonisuta: mkanda upo, mzima kabisa, umefukiwa na bustani yangu. Unatakiwa ukae angalau milimita 150 juu ya ardhi, nami kila msimu nilikuwa naongezea maua udongo, hadi maji yakapata njia ya kuupita.

Nikaondoa udongo wote, nikazibua mfereji wa paa, nikabandua ile lipu ya saruji. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ndani ya tofali. Kukauka ndiko kulikonikomesha: hukadiriwa mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Karibu mwaka mzima tulikaa na matofali uchi sebuleni, wageni tukiwaambia ndiyo fasheni. Kisha nikapiga lipu ya chokaa, ambayo huacha ukuta upumue.

Siku hizi mvua zikiisha nazunguka nyumba na rula mkononi. Mke wangu anadai maua yake. Nimemletea vyungu.