Siku moja maishani mwangu: kanga, mbao na gundi nyeupe wakati wa masika

Saa kumi na moja alfajiri

Mvua ilikuwa ikipiga bati tangu usiku wa manane. Adhana ilinikuta macho, nawaza trei 4 nilizozipaka gundi jana jioni na kuziacha chumba cha uani. Mwezi wa tano hapa Temeke hewa imejaa maji, nguo hukaa kwenye kamba siku mbili na bado zinanuka unyevu. Baada ya swala nilikwenda kuzigusa kwa mgongo wa vidole. Mbili zilikuwa na joto la chumba. Mbili zilikuwa za baridi. Ubaridi ule ni maji yanayoendelea kutoka ndani, na trei ikiwa ya baridi haijakauka, hata kama hainati tena. Nilizielekeza kwenye feni, nikaenda kuinjika chai.

Saa moja asubuhi

Kazi yenyewe ni trei 7 za mbao ambazo mama mmoja wa Mbagala amemwagizia binti yake, harusi mwisho wa Juni. Kila trei ina kanga yake, imebandikwa juu ya plaiwudi kisha ikafunikwa kwa gundi na vanishi. Alinipa sharti moja tu: jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, lisikatwe.

Anayeijua kanga ataelewa. Kanga ina pindo la kuzunguka, ina mji wa katikati, na ina jina, na jina ndilo linalosema. Lakini trei za kawaida ni za sentimita 45, na majina mengi niliyoyapima yanazidi hapo. Nilimwomba fundi seremala aniundie za sentimita 65, fremu za mninga. Alilalamika kwamba plaiwudi itapotea bure. Zilipokamilika akazitazama kwa muda, akasema, "Dada, hizi nzuri."

Saa mbili

Binti wa kaka yangu alifika. Amemaliza kidato cha nne, anasubiri kwenda cha tano, na ana mkono mtulivu ambao haufundishwi. Baada ya shikamoo yake nilimpa kazi ya kupima kuchuja: unalowesha kitambaa cheupe, unasugua kanga kwenye rangi nyekundu na nyeusi, unatazama. Kanga inayochuja ikikutana na gundi, maua meupe yote hugeuka waridi, na hakuna dawa. Hii ya leo tuliifua mara mbili wiki iliyopita, tukatoa na wanga wa dukani, kwa sababu wanga huzuia gundi isipenye kwenye nyuzi. Kitambaa kilirudi cheupe.

Saa tatu hadi saa tano na nusu

Hapa ndipo siku yangu ilipo. Kanga hii imeandikwa NANI KAMA MAMA, na ndiyo ya mwisho kubandikwa.

Kanga ilikuwa tayari imepakwa gundi nyepesi upande wa nyuma juzi, ikakauka, nikaipiga pasi katikati ya karatasi mbili. Ukifanya hivyo kitambaa huwa kama karatasi ngumu: mkasi unakata bila nyuzi kufumuka. Plaiwudi nayo ilishapigwa msasa namba 120, kisha 220, ikafutwa vumbi. Vumbi kidogo tu chini ya kitambaa huwa kipele cha milele.

Kwa kubandikia natumia gundi nyeupe ya mbao, ile ya maseremala. Kwa karatasi ningeichanganyia maji kidogo. Kwa kitambaa naiacha nzito. Napaka kwenye mbao, si kwenye kanga, nikianzia katikati, upana wa kiganja kwa wakati. Binti anashika upande wa pili, anashusha polepole. Mimi nafuata na kadi ya zamani ya benki, nasukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni. Ukianzia pembeni unaifungia hewa ndani, na kesho yake utakuta uvimbe.

Jina lilitukalia upande, labda milimita tatu. Binti aliliona kabla yangu. "Shangazi, herufi ya mwisho imepanda." Gundi ikiwa mbichi inakupa dakika chache tu za kusahihisha. Tulinyanyua nusu ya kitambaa, tukalaza tena. Likanyooka.

Watu huniuliza kwa nini gundi ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa kisha inakuwa kioo. Ndani yake kuna chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea kwenye maji, na chembe hizo hutawanya mwanga, ndiyo maana tunaona weupe. Maji yakiondoka, chembe zinasogeleana na kuungana kuwa ngozi moja inayopitisha mwanga. Weupe uliobaki pembeni unakuambia maji bado yapo. Nimejifunza kuusoma weupe huo kuliko kuisoma saa, maana dakika 20 za kiangazi si dakika 20 za masika.

Kwa tabaka za juu natumia Mod Podge, chupa mbili alizoniletea dada yangu anayeishi Muscat. Ni gundi ya Marekani ya tangu miaka ya 1960, inabandika na kufunika kwa pamoja. Naitunza kwa ajili ya juu tu, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Tabaka moja nene haiwi sawa na tatu nyembamba: juu inafunga mapema, chini inabaki uji.

Saa saba

Umeme ulikatika, feni ikasimama. Tulifungua madirisha yote, tukala wali na maharage.

Saa nane mchana

Mama wa bibi harusi alikuja bila kunipigia. Nilimwamkia, nikampa kiti. Alipoziona zile 4 za jana uso ulimng'aa, akasema anazihitaji mbili leo hii, akawaonyeshe wakwe.

"Mwanangu, si zimekauka hizi?"

"Mama, zimekauka juu tu."

Sikutaka aone namnyima. Nilichukua kipande cha plaiwudi cha majaribio nilichokipaka siku moja na zile trei, nikamwomba akibonyeze kwa dole gumba, ahesabu hadi kumi. Alipoinua, alama ya kidole ilibaki. Nikamweleza kwamba gundi hii inahitaji kama wiki nne ndipo ikomae, na trei zikipangwa moja juu ya nyingine kabla ya hapo zitashikana. Mwaka juzi nilimkabidhi mteja trei mapema. Alipozitenganisha, ua zima lilibanduka na trei ya juu. Nilimrudishia pesa zake, lakini ile kanga ilikuwa ya marehemu bibi yake. Kanga ile sikuweza kuirudisha.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza la maana: zitakaaje baadaye? Nilimwambia ukweli. Zisilowekwe, zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Chakula kisikae juu yake bila sahani. Na birika la moto liwekewe kitambaa chini, kwa sababu plastiki ikipata joto hulainika, birika litaganda. Nilimpa trei yangu mwenyewe ya nyumbani akawaonyeshe wakwe. Aliibeba kwa mikono miwili.

Saa kumi

Umeme umerudi, mvua imekata, jua kidogo. Nilichukua trei 2 za mwanzo wa mwezi wa nne, ambazo gundi yake imekomaa, nikazipiga msasa namba 400 uliolowa, kwa wepesi, hadi alama za brashi zikapotea. Kisha vanishi ya maji, brashi laini, upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi, nakiri, lakini miaka ikipita hugeuka njano, na kanga nyeupe sitaki iwe ya njano. Vanishi juu ya gundi ambayo haijakauka hufungia maji ndani, na hayo maji hutokea tena kama ukungu mweupe juu ya maua. Ndiyo maana sikuzigusa zile 4.

Saa tatu usiku

Binti alishaondoka na mwavuli wangu. Nilipita chumba cha uani na tochi, nikiinamisha mwanga pembeni ili uvimbe ujionyeshe kwa kivuli chake. Trei ya leo haikuwa na hata mmoja. Pembeni mwa herufi ya kwanza kulikuwa na weupe mdogo kama ukucha. Niliigeuza kwa uangalifu, nikaandika chini yake kwa penseli tarehe ya leo, na chini ya hiyo tarehe ya siku ya 28. Nikazima taa. Feni nikaiacha.