Iburyo

Kosa langu la kwanza Rwanda lilikuwa la saa. Simu ilijirudisha nyuma saa moja yenyewe, saa ya mkononi nikaisahau. Nikajikuta nimesimama ufukweni gizani, kofia ya kuogelea kichwani, nawasubiri wenzangu waliokuwa bado wanakoroma.

Ilikuwa Julai 2023. Tulikuwa sita, wote wa Dar es Salaam, tumekwenda Rubavu kupiga kambi ya siku tano kabla ya Ironman 70.3 ya Agosti: kuogelea kilomita 1.9 Ziwa Kivu, baiskeli 90, kisha mbio 21.1. Hiyo 70.3 ni jumla ya maili zake, kwa aliyekuwa akijiuliza kama nilivyojiuliza mimi mwaka mzima.

Kuogelea ndiko nilikokuwa natambia. Mimi ni mtu wa Coco, kila Jumamosi naingia baharini kabla jua halijachomoza. Wasiwasi wangu ulikuwa mamba tu, na mama aliyetupikia alinicheka: "Kivu haina mamba, kaka. Wala kiboko." Kumbe shida ilikuwa maji yenyewe. Maji ya chumvi humnyanyua mtu. Haya yaliiacha miguu yangu ining'inie kama nanga, na huko juu, karibu mita 1,460, pumzi zilikata hata boya la pili sijalifikia. Nikaling'ang'ania la kwanza, nikajifanya narekebisha miwani. Mitumbwi ya sambaza ilikuwa inarudi kutoka kuvua usiku kucha, mitatu mitatu imeunganishwa, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama sharubu za kambamti, wavuvi wakipiga kasia kwa wimbo. Mmoja akaukatiza wimbo, akaniuliza kwa Kiswahili cha upande wa Goma: "Uko muzima?" Nikapunga mkono. Sauti haikuwepo.

Sambaza wenyewe tuliwala kila jioni, wa kukaanga. Ni dagaa wa Tanganyika waliopandikizwa Kivu miaka ya 1950, kwa hiyo angalau mdomo ulikuwa nyumbani.

Siku ya tatu tulipanda milima kuelekea Musanze. Kupanda sina la kusimulia, nilikuwa wa mwisho. Wakati wa kurudi tulisimama dukani kununua maji, kule kwenye mashamba ya chai, na kocha akarudia lile alilolisema tangu tufike: huku gari hupita kulia. Nikaitikia kwa kichwa, nikapanda baiskeli, nikaondoka. Barabara ilikuwa tupu, na barabara tupu ndiyo humrudisha mtu kwenye mazoea yake. Nikashuka ile kona upande wa kushoto, raha mustarehe, gia ya mwisho.

Mbele yangu akatokea mzee anasukuma baiskeli kupanda mlima. Ilikuwa na magunia matatu ya viazi, moja limelazwa juu ya mengine. Akapaza sauti: "Iburyo! Iburyo!" Nikadhani ananisalimia. Ninaona haya kuandika hili, lakini nilianza kutabasamu. Nilipogutuka nilibana breki zote mbili, tairi la nyuma likateleza, nikaishia kwenye mtaro wa mawe, goti limechunika na kiatu kimoja bado kimenasa kwenye pedali. Yeye hakuyumba hata kidogo. Aliegemeza mzigo begani, akaniangalia, akaonyesha upande wa pili wa barabara kwa kidevu, akaendelea kusukuma.

"Iburyo ni kulia," kocha aliniambia akinisafisha goti kwa maji niliyoyanunua.

Usiku ule nilikata kipande cha plasta, nikaandika IBURYO kwa kalamu nzito, nikakibandika katikati ya usukani. Kilikaa hapo hadi siku ya mashindano. Jasho lilikula herufi ya kwanza, nyingine zikabaki, na kwa kilomita 90 sikuvuka upande.

Niliporudi Dar nikasahau kukibandua. Jumapili ya kwanza, alfajiri, Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu kabisa, nikasikia honi ya daladala inanijia usoni.