Mjomba ake Rosa yuko wapi?

Desemba tulikuwa kwa bibi huku Ndanda tunachambua korosho za mwisho mwisho wa msimu, zenye madoa na zilizosinyaa unaweka pembeni, nzuri zinaingia kwenye gunia la kupeleka chama cha msingi, na mtoto wa dada angu ambaye ndo kamaliza kidato cha nne anasubiri matokeo alikuwa kwenye mkeka mkono mmoja unachambua mwingine umeshika Rosa Mistika, kitabu nilichompa mimi mwenyewe. Kimya kirefu afu akanyanyua kichwa. "Mamdogo, hivi mjomba ake Rosa yuko wapi?"

Nikamjibu harakaharaka tu, mwanangu kule Ukerewe anakotoka Rosa mtoto ni wa ukoo wa baba, haya ya mjomba ni ya kwetu. Akasema haya, akarudi kusoma. Ila mimi swali nikalala nalo.

Kwa ambaye hajakisoma, ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka 1971, msichana anakua kwenye nyumba ya baba mlevi anaitwa Zakaria, mama yao Regina ndo anayeibeba nyumba, na kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni kwa vile ilisema wazi mambo ya wasichana na wanaume. Mapema kabisa Rosa anapata barua kutoka kwa kijana anaitwa Charles, baba yake anajua, anampiga. Sisi Wamakua ugomvi kama huo haumalizwi na baba peke yake, ataitwa mjomba, atakaa, atasikiliza, mtoto ana pa kukimbilia. Kwahiyo mtoto wangu alipofika pale kwenye kipigo macho yake yalimtafuta mtu wa kuingilia kati. Hakumuona.

Sasa ukisema mwandishi kamficha mjomba makusudi utakuwa umekosea, hilo tumelileta sisi kutoka nyumbani. Lakini ukiliacha swali lenyewe, nani yuko kati ya mkono wa Zakaria na mgongo wa yule binti, hilo kitabu kinalijibu na jibu ni hakuna, mama mwenyewe anapigwa na maisha hayohayo. Mi naona hapo ndo kazi ya msomaji ilipo, unaleta ya kwenu, unayaweka juu ya kitabu, unaangalia yapi yanashika na yapi yanadondoka. Yanayodondoka unayaacha hata kama unayapenda.

Na kile kipigo chenyewe. Baba anadhani anamfundisha Rosa asiwe na habari na wanaume. Rosa kajifunza kingine kabisa, kajifunza kwamba mambo ya moyo ukiyaonyesha unaumia, kwahiyo ufiche. Mwandishi hahitaji kukwambia hivo, unamfuata tu binti akitoka mikononi mwa baba akafika shule ya bweni, uone anavyokuwa pale ambapo hakuna anayemlinda wala aliyewahi kukaa nae chini akamuelekeza, afu urudi kwenye ile barua. Utaiona barua nyingine.

Haya nayasema kwa uchungu kidogo kwasababu nilipokuwa sekondari niliwahi kuandika kitu cha namna hii kwenye mtihani. Ilikuwa riwaya ya darasani, nyingine, sio hii, nikaandika yule mama anamuogopa mumewe kwasababu kila mume akiingia yeye anainuka kwenda kukoroga chungu, na chakula kilishaiva kurasa mbili nyuma. Mwalimu akachora mstari mwekundu akaandika pembeni, wapi imeandikwa? Nikapoteza alama zote za swali. Mpaka leo naukumbuka ule wino. Tulichotakiwa kuandika ni dhamira tano zilizoko kwenye notsi, ulevi, malezi, nafasi ya mwanamke, umaskini, mapenzi, kila kitabu dhamira hizohizo unabadilisha majina ya wahusika tu. Na tamathali za semi vilevile, unatafuta neno "kama" ukiliona unaandika tashibiha, unasonga mbele, hakuna anayekuuliza kwanini kafananisha na kitu hicho na sio kingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wasichana wa huku wanaingia darasani wakiwa tayari wanajua. Aliyewahi kuwa mwali wa unyago anajua ninachosema. Ya ndani siyasemi, sio ya kuandika huku, ila hili la nje linajulikana: kungwi hakwambii kitu waziwazi. Anakuimbia. Wimbo unaonekana ni wa mambo ya kawaida tu, maneno manne matano, unarudiwa mpaka unakukaa kichwani, baadae ndo unaulizwa umeelewa nini, ukikosea wanaimba tena na unarudi kuusikiliza upya wimbo uleule. Mi nilikuwa na miaka kumi na mbili na kuna wimbo mmoja nimeufumbua nina miaka kumi na tisa, nikiwa nimesimama jikoni. Huyo mtoto aliyepitia hayo unakuja kumwandikia ubaoni sitiari ni nini kama vile hajawahi kukutana nayo, anakaa kimya nyuma ya darasa, tunasema hajui fasihi!

Basi kesho yake jioni nikaamua nisimuelekeze kitu, nikamuuliza tu hilo jina, Mistika, linakwambia nini. Akasema jina la kizungu. Bibi yake alikuwa kwenye kigoda anapepeta mchele, hajui hata tunasoma kitabu gani, nikamwambia bibi hebu tusalie litania ya Bikira Maria. Akaanza bila kuacha kupepeta, tunaitikia utuombee, utuombee, mpaka akafika "Waridi lenye fumbo". Mtoto akasahau kuitikia. Kalisali hilo tangu mdogo, mwezi wa tano na wa kumi kila mwaka, hajawahi kusimama akalifikiria. Rosa Mistika ndo hilohilo kwa Kilatini.

Tukaanza kuongea mpaka giza likaingia. Kezilahabi kasoma seminari, Nyegezi, litania ilikuwa mdomoni mwake kila siku, hakuokota jina barabarani. Kampa binti wa kijijini jina la Bikira, afu kitabu kizima watu wanagombania usafi wa mwili wake, baba, wanaume, hata Charles mwenyewe mwishoni, na hakuna anayemuuliza yeye anataka nini. Na waridi nalo, mtoto akasema lenyewe ni ua watu wanalitazama, wanalinusa, wanalichuma, hawaliulizi. Hilo sikumwambia mimi. Akaongeza lina miiba lakini miiba ya Rosa imeota kwa ndani inamchoma mwenyewe. Nikanyamaza kabisa hapo, maana mimi nimekisoma kitabu hiki mara tatu na sijawahi kufika huko.

Nikamuuliza lakini utaonyesha wapi kwenye kitabu? Sikumuuliza kama yule mwalimu, nilitaka kujua kweli. Akafungua, akawa anatafuta kwa mwanga wa simu, vidole vina doa la bibo, ukurasa baada ya ukurasa, akapata sehemu mbili akanisomea kwa sauti. Ya kwanza ilishika. Ya pili tukabishana, mi nikaona kaivuta sana, yeye akakataa, bibi akasema jamani chakula.

Ameshaondoka yuko kwa mama yake Newala na kitabu kaenda nacho. Juzi usiku saa tano akaniandikia WhatsApp, "mamdogo hivi Regina alikuwa anajua?" Nikamwandikia sikwambii, rudi nyuma utafute, ukipata nitajie ukurasa. Tiki mbili za bluu zimetokea palepale. Jibu bado.