Kopo la Maziwa

Binti yangu alichuma jani kwenye chungu cha jirani wa ghorofa ya tatu, akatumbukiza kikonyo chake kwenye glasi ya maji dirishani. Leo asubuhi kaniita: "Baba, limeota mizizi!" Kweli, nyuzi nyeupe sita saba. Jani nene, lina vinyweleo kama sikio la mtoto wa mbuzi. Nikavuta kiti.

Mwaka ule bado tulikuwa kwa babu, juu ya Amani, kwenye milima ya Usambara, kabla kilimo cha iliki hakijamchosha. Akaja dada mmoja mtafiti na daftari lake, anaulizia ua la zambarau linaloota miambani kwenye kivuli. Wakubwa wakatazamana. Mimi nilikuwa nalijua, kila siku nateka maji pale. Sikusema kitu. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikatoka mbio.

Jabali lilikuwa limelowa. Mizizi ya ua lile haiingii kwenye jiwe. Imeshikilia kuvumwani tu, ule ukijani laini. Ukipenyeza vidole chini, shina zima linabanduka kama ukoko wa wali uliolowekwa. Maua yalikuwa manne, kila moja na vitone viwili vya njano katikati. Pale lilipotoka, jiwe likabaki tupu, na jongoo mdogo anahangaika hajui aende wapi. Nikabandua la pili. Na la tatu. Na vile vichanga pembeni, nisije nikaonekana nimeleta pungufu.

Dada alipokea kopo kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, kule yamebaki mangapi?"

"Hakuna, dada. Nimeleta yote!"

Alinyamaza. Kisha akaniomba nikamwonyeshe lile jabali. Akapima utepe kwenye jiwe tupu, akaandika. Akanipa biskuti. Nikala.

Baadaye nikaja kujua kwamba mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, naye alilipeleka ua hili kwao kwa baba yake, na 1893 likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo liko madirishani dunia nzima. Kwenye miamba yetu unalitafuta kwa tochi. Miaka miwili baada ya yule dada, babu alikata miti juu ya kijito, jua likafika mwambani, kuvumwani ikakauka. Kwa hiyo yangekufa tu. Hoja hii nimejitetea nayo sana, ila babu alikata baada yangu.

"Tukalipande kule kwa babu?" binti kauliza.

Nikamweleza kwamba haya ya dukani ni machotara, yamechanganywa mpaka basi, si yale ya mwambani.

"Sasa tulipande wapi?"

Nimemwambia asubiri kwanza mizizi ikomae.